Nani Alituambia Sindano ni ya Walioshindwa Shule?

Nilikuwa kimya, na leo nawaeleza nilikokuwa. Sikuwa semina, wala sikuwa kwenye msafara wa mheshimiwa yeyote. Nilikuwa Katesh, chini ya Mlima Hanang, nimekalia kigoda nyuma ya cherehani, nashona turubai. Ndiyo, umesoma vizuri. TURUBAI. La gari. Na vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto bado vina alama za sindano ninapoandika haya.

Kabla hujacheka, vuta kiti. Mwisho wa stori hii nina hoja, na hoja yenyewe inakuhusu wewe mwenye shahada ukutani na shati lililong'oka kifungo tangu Pasaka.

Iko hivi. Baba yangu mdogo ana gari aina ya Canter, kuukuu lakini lenye heshima zake. Akipata mzigo wa mahindi au ngano upande wa Basotu, anabeba. Msimu wa vitunguu saumu ukifika anapanda Mbulu, anachukua magunia Bashay na kuyapeleka sokoni. Mnaovila vitunguu saumu huko mjini bila kuuliza vinatoka wapi, basi vingi vina babu na bibi kule Bashay.

Novemba 2024, akiwa anateremka kuelekea Dareda na mzigo umejaa, mvua ikamkuta. Turubai lilikuwepo, si kwamba hakufunika. Lakini lilikuwa limeshaanza kuchanika pale kwenye tundu la kupitishia kamba, kidonda kidogo tu, cha kama kidole. Upepo ukaingia kwenye kile kidonda. Kufika chini, turubai lilikuwa vipande viwili, kimoja kimebaki garini na kingine kinapepea nyuma kama bendera ya chama kilichoshindwa. Vitunguu vikalowa. Na kitunguu saumu kikilowa hakina msamaha, kinaingia ukungu au kinaanza kuota. Mnunuzi aliyekuwa akisubiri alivipekua, akaguna, akataja bei ya rambirambi.

Baba mdogo akanipigia. "Mwanangu, turubai limeniaibisha."

Mimi nikiwa mtoto wa mjini, mwenye laptopu na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, nikamwuliza swali moja tu: "Shilingi ngapi, baba?" Nikatuma kwa simu. Nikajisikia mtoto mwema. Akanunua jingine dukani, lile jembamba la plastiki ya kufuma, linang'aa bluu kama anga la Januari. Ilipofika Machi likawa linachambuka nyuzi kwa jua, ukiligusa linabaki mkononi. Akanipigia tena. Sauti ilikuwa ya mtu anayeona aibu kuomba. Safari hii nikaomba likizo, nikapanda basi.

Pale Katesh nikaelekezwa kwa mama mmoja mtu mzima anayeshona maturubai, viti vya bodaboda na mifuko ya shule. Nikaenda kifua mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tukusaidie nini?"

"Nataka turubai la Canter. Ni kiasi gani?"

"Bodi ina urefu gani?"

Sijui.

"Mzigo mnaobeba unapanda juu ya bodi kwa kimo gani?"

Sijui.

"Mnataka la kitambaa cha pamba au la plastiki nzito? La kufunga kwa kamba pembeni tu, au hadi chini ya bodi?"

Nikatoa macho. Akavua miwani, akaniangalia. "Baba yako mdogo aliniambia wewe ni mwandishi wa habari. Mbona hata maswali huna?"

Wadau, nimehojiwa na watu wazito katika kazi hii, lakini sijawahi kukosa jibu kama siku ile. Akaendelea, bila ukali: "Nikilishona leo, kesho likatoboka huko Dongobesh, utanitumia nauli nimfuate njiani? Kaa hapo. Jifunze hata kiraka." Nikakaa. Nilidhani ni saa moja. Ilikuwa siku tisa.

Sasa naomba mnivumilie niwape yale niliyofundishwa, maana kuna mtu atayahitaji, na mimi nimechoka na makala zinazosema "vijana wajifunze ujuzi" bila kutaja hata ujuzi mmoja.

Somo la kwanza lilikuwa kupima, na hapo hatukugusa kitambaa. Tulikwenda kwenye gari na futi ya kamba. Bodi ya baba mdogo ina mita 4.3 kwa mita 2. Turubai lisiishie hapo. Linatakiwa liteleze chini angalau mita moja kila upande, ili kamba ipate pa kushika na maji yadondoke nje ya mzigo. Kwa hiyo likimalizika liwe mita 6.3 kwa mita 4. Kitambaa tulichopata kilikuwa na upana wa mita 1.5. Vipande vitatu vinatoa mita 4.5. Mishono miwili ya kuunganisha inakula sentimita 4 kila mmoja, na pindo mbili zinakula sentimita 5 kila upande. Toa hapo, unabaki na mita 4.32. Inatosha, na ziada kidogo ya kujifunzia makosa. Hesabu ya darasa la nne hiyo. Mimi niliyefaulu hesabu za kubahatisha namba kwenye mtihani, nilikosea mara mbili.

Somo la pili ni mshono. Angalia mguu wa suruali yako ya jinzi, ule upande wenye mistari miwili ya uzi. Ule ndio mshono wa turubai. Kingo za vitambaa viwili zinakumbatiana, kila moja imejikunja ndani ya mwenzake, halafu unapita na uzi mara mbili. Hakuna ukingo unaobaki nje wa kuchambuka, wala tundu la wazi la kupitisha maji. Halafu mama akaniuliza: mkunjo utazame wapi? Nikasema popote. Akanionyesha bati la kibanda chake. Bati la juu linalala juu ya la chini, siyo kinyume. Mkunjo wa turubai nao utazame kule maji yanakoelekea, la sivyo umejishonea mfereji wa kuingiza maji ndani ya mzigo.

Somo la tatu ni uzi na sindano. Sindano ya kushonea gauni itavunjika mshono wa kwanza. Tulitumia nene, ile iliyoandikwa 110 au 18 kwenye pakiti, ni kipimo kilekile kwa majina mawili. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba unaoza mapema kwa mvua na jua, ukabaki na turubai zima lililoachana kwenye mishono. Hatua ya uzi iwe ndefu. Ukishona karibu karibu kwa kudhani unaimarisha, unatoboa kitambaa kama stempu ya posta, na siku ya upepo kitachanika hapohapo kwenye mstari.

Somo la nne, ambalo ndilo lililomponza baba mdogo, ni kona na matundu. Upepo ukivuta turubai hauvuti katikati, unavuta pale kamba ilipofungwa. Kwa hiyo kila penye kipete cha chuma lazima kitambaa kiwe tabaka tatu au nne. Kwenye kona unaweka kiraka cha pembe tatu KABLA hapajatoboka. Na ndani ya pindo unapitisha kamba, ukaishonea humo, ili nguvu ya upepo ibebwe na kamba nzima badala ya tundu moja. Lile la dukani halikuwa na tabaka hata moja la ziada. Vipete viligongwa kwenye plastiki tupu. Vinang'aa, vinapendeza, siku ya kwanza ya upepo vinatoka kama meno ya maziwa.

Na hapo kwenye kamba ya pindoni ndipo nilipoduwaa, maana nilikuwa nimeshaiona mahali pengine, kilomita mamia kutoka Hanang.

Miaka michache nyuma nilikuwa Bagamoyo kwa kazi, nikakaa ufukweni kuwaangalia mafundi wa matanga. Walikuwa wamekaa mchangani, tanga limetandazwa kama uwanja, kila mmoja na shazia yake na kipande cha ngozi kiganjani cha kusukumia sindano. Ukingoni mwa tanga walikuwa wanashonea kamba kuzunguka pande zote. Kamba ile inaitwa dasi. Nikaandika neno kwenye daftari kwa sababu lilinipendeza, sikuuliza kazi yake. Ilibidi nije hadi Katesh, kusiko na bahari wala ngalawa, nielewe kwamba dasi ndiyo inayobeba upepo. Bila dasi tanga linachanika kama turubai la baba mdogo. Ni elimu ileile, imevaa nguo mbili.

Na kumbe si bahati mbaya. Neno turubai lenyewe ni la baharini. Mabaharia wa Kiingereza zamani walikuwa wakipaka kitambaa kizito lami ili maji yasipenye, wakafunikia mizigo melini. Jina la kitambaa hicho ndilo tulilolitafuna hadi likawa turubai. Watu wa pwani nao walikuwa na chao. Walikuwa na marudufu, kitambaa kizito cha pamba cha kushonea matanga. Walikuwa na merikani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya Sultani Said kutiliana mkataba na Marekani mwaka 1833. Na tanga la jahazi mpaka leo halinunuliwi limetundikwa dukani na kibandiko cha bei. Kila tanga linakatwa kwa chombo chake, kwa mlingoti wake na foromali yake. Nahodha anayelijua tanga lake anajua pia kulitia kiraka, kwa sababu tanga likipasuka katikati ya mkondo hakuna wa kumtumia pesa kwa simu.

Sasa nirudi kwetu bara, maana nasikia mtu anasema, "Hayo ni ya Waswahili wa pwani, sisi huku tuna jembe na ng'ombe." Si kweli, ndugu yangu. Nenda siku ya mnada wa Katesh uwaangalie akina mama wa Kibarbaig. Sketi za ngozi walizovaa bibi zao, na ambazo baadhi yao bado wanazo, zenye nyuzi za ngozi zinazoning'inia na shanga zilizopangwa kwa mstari, zilishonwa na wanawake wenyewe kwa mikono yao. Bibi zetu wa Kiiraqw kule Mbulu walikuwa na sketi zao za ngozi zilizotiwa shanga, kazi ya mkono ambayo leo ukiitaka kuiona vizuri unaikuta kwenye makumbusho za watu. Watu wa wilaya hizi mbili walikuwa WANASHONA. Ngozi ni ngumu kuliko turubai lolote. Mjukuu wa wanawake hao ndiye mimi, niliyesimama mbele ya fundi nikauliza "shilingi ngapi" kama neno pekee ninalolijua la lugha nzima.

Tumefikaje hapa? Mimi nina mawazo yangu. Tangu tukiwa shuleni, ufundi uliletwa kwetu kama adhabu. Aliyefeli darasa la saba alipelekwa "akajifunze hata cherehani." Hilo neno HATA ndilo lililotuharibu. Lilimaanisha kwamba akili inakwenda sekondari na mikono inabaki nyumbani. Taifa lilikuwa na nia nzuri. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, VETA ikaja kwa sheria ya mwaka 1994, na Morogoro palijengwa hadi kiwanda cha kufuma turubai, Morogoro Canvas Mill, enzi zile tulipotaka pamba yetu itoke humuhumu ikiwa kitambaa. Lakini nia ya taifa ilikuwa inashindana na mdomo wa mzazi, na mdomo wa mzazi ulishinda. Matokeo yake tumekuwa kizazi kinachojua kununua tu. Na mtu anayejua kununua peke yake hajui hata kununua vizuri! Ningekuwa najua kutazama kona ya turubai, nisingemtumia baba mdogo pesa ya kununua takataka ile ya bluu. Pesa yangu ilikwenda, na mzigo mwingine ungekwenda vilevile.

Hapa kuna jambo kubwa kuliko vitunguu, naomba tulitazame.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nilikuwa miongoni mwa waandishi waliokwenda. Nyumba zilikuwa zimejaa tope, walionusurika walihifadhiwa kwenye majengo ya shule, na angani mawingu bado yalikuwa meusi. Sitayarudia yote niliyoyaona. Nitasema moja tu. Mzee mmoja alikuwa anafunika vitu vichache alivyovichimbua kwenye tope: magodoro mawili, gunia la mahindi, sanduku la nguo. Turubai lake lilikuwa limechanika ukingoni na kamba haikuwa na pa kushika. Akanipa kona moja, akasema, "Shika hapa, kijana." Nikashika. Nikasimama pale na kalamu mfukoni, mtu mwenye elimu, nisijue cha kufanya na tundu la ukubwa wa kiganja. Akaja kijana mdogo, amechafuka tope hadi nywele, akachukua kijiwe cha mviringo, akakifunga ndani ya turubai kama mtu anayefunga pipi, akazungushia kamba kwenye shingo ya kile kijiwe, akakaza. Sekunde kumi. Turubai likashika. Hakuniangalia mara ya pili.

Siku ile niliandika habari, ikatumika, nikasifiwa. Lakini kile kijiwe hakijanitoka kichwani. Mama fundi nilipomsimulia, akasema tu, "Ndiyo, ukikosa kipete unafunga jiwe. Hukujua?" Sikujua, mama.

Na kuna mahindi. Mwaka 2016 mkoa wetu wa Manyara na wenzetu wa Dodoma walipata msiba wa sumukuvu. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa kula mahindi yaliyoingia fangasi. Miongoni mwa tahadhari ambazo wataalamu wanazirudia, moja ni rahisi kupita kiasi: usianike mahindi juu ya udongo, anika juu ya turubai, na mvua ikija funika. Turubai linasimama kati ya ugali na sumu. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya kitambaa kilichotoboka hatuzungumzi urembo. Ila mama fundi alinionya pia, na mimi nawaonya: usifunike mahindi mabichi ukayaacha, yatatoa jasho na kuoza, na hapo turubai ndilo litakuwa limeleta ukungu. Funika mvua ikinyesha na usiku, jua likitoka funua. Ukitaka kujua kama yamekauka, tia mahindi machache kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, rudisha juani. Na turubai lenyewe usilikunje likiwa bichi.

Najua mtakachosema. Mtu wa kwanza atasema: "Kaka, muda ni pesa. Mimi nikikaa siku tisa nashona turubai, nimepoteza zaidi ya bei ya turubai." Ni kweli, turubai la kwanza liliniletea hasara. Nikihesabu nauli, siku za kazi, sindano nne nilizovunja na kipande cha mita moja nilichokikata kinyume, ningenunua mawili. Lakini hesabu hiyo inasahau kitu. Lile turubai nimelimaliza, elimu haijaisha. Baba mdogo alikuwa anakuja jioni kutazama, akaanza kushika kitambaa upande wa pili, siku ya saba akawa anagonga vipete yeye mwenyewe kuliko mimi. Sasa kwenye kabati la gari kuna shazia, uzi wa nailoni na vipande vya kitambaa ndani ya mfuko. Mwezi uliopita alinipigia simu. Nikashika moyo, nikajua turubai. Akasema, "Limechanika kidogo Dongobesh, nimelishona, niko Babati." Akakata. Ndiyo simu fupi kuliko zote tulizowahi kuongea, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Hakuwa anaomba. Alikuwa ananipa taarifa, kama mtu mzima anavyompa mwenzake.

Mtu wa pili atasema: "Tukijifunza wote, mafundi watakula nini?" Hilo ni swali zuri na lilinisumbua, nikamwuliza mama mwenyewe. Akacheka. Akasema wateja wanaomsumbua ni wale wasiojua. Asiyejua ndiye anayesema "ni kitambaa tu na uzi, mbona ghali," anavuta bei hadi fundi analazimika kupunguza tabaka la kona, halafu likichanika anarudi kulalamika. Anayejua kazi ilivyo analipa bila kelele na anauliza kitambaa ni cha aina gani. Mimi mwenyewe sasa nikipita kwa fundi siwezi tena kusema "nipunguzie." Najua mita sita za mshono wa kukumbatiana, zilizopitiwa mara mbili, kitambaa kizito kimejaa mapajani na jua la saa nane, zinafanya nini kwenye mgongo wa binadamu.

Wala sisemi kila kitu ujishonee. Zile za plastiki nzito za malori makubwa zinaunganishwa kwa moto kwa mashine maalumu, na cherehani ya mguu ya nyumbani ukiilazimisha kupita tabaka sita utaivunja. Kuna mahali fundi ni fundi na wewe ni mteja, tulia. Lakini kati ya kujua kila kitu na kutojua hata kiraka kuna nafasi kubwa, na wengi wetu tumejipanga upande wa kutojua, kisha tukauita upande huo usomi.

Mtu wa tatu, na huyu nampenda, hatasema kitu. Atacheka tu kwamba mwanaume mzima kakaa nyuma ya cherehani. Pale Katesh walikuwepo, walisimama barabarani wakaniita majina. Nikawauliza: suti uliyoolea ilishonwa na nani? Kanzu ya mjomba wako? Tanga la jahazi? Wote wanaume! Mjini mafundi cherehani wanaume wamejaa, hakuna anayecheka, ila akishona mtoto wa ndugu yako ndipo inakuwa kichekesho. Tunachocheka si cherehani. Tunacheka kwa sababu tuliambiwa msomi akishika sindano ameanguka.

Hoja yangu basi ni hii, na ni ndogo. Chagua kitu kimoja ambacho kinafunika maisha ya nyumbani kwenu. Kiwe turubai, kiwe bati, kiwe godoro la bibi. Ujue kinavyotengenezwa, kwa mkono wako, angalau kiasi cha kukitia kiraka. Usiende na maazimio makubwa. Nenda na tundu moja. Mtafute fundi aliye jirani, msalimie vizuri, mlipe muda wake, ukae kwenye kigoda. Utaaibika siku mbili tatu. Halafu utaanza kuona mishono kila mahali, kwenye hema la msiba, kwenye kiti cha daladala, kwenye begi lako mwenyewe, na utajua ipi ya kweli na ipi ya kuzugia.

Sisi tulio mjini tumezoea kudhani tunaisaidia nyumbani kwa kutuma. Tutume, hakuna ubaya, nami nitaendelea kutuma. Lakini baba mdogo nilimtumia pesa mara mbili na mara zote mbili aliomba tena kwa sauti ya chini. Nilipompelekea shazia na siku tisa za kukaa naye, akapata sauti yake ya zamani.

Turubai letu lina mshono mmoja uliopinda, upande wa dereva. Mama fundi alitaka niufumue. Baba mdogo akakataa. Alisema auache hivyohivyo, ili kila akifunga kamba akumbuke nani aliushona.

Naomba kutoa hoja.